Jumamosi: kanisa la Mai Mahiu

Wasee habari, Jumamosi tunashuka Mai Mahiu kupiga picha za lile kanisa dogo la Waitaliano, lenye wafungwa wa vita walijenga 1942 wakati wakitengeneza ile barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, na mimi kila nikiingia pale nawafikiria hao watu mbali na kwao. Wengi mmeuliza mbona tusiende alfajiri, shida ni mteremko uko upande wa mashariki so asubuhi ni kivuli tu, jua la jioni ndio linapiga ukuta vizuri. Tuonane stejini saa sita. Ndani ni padogo, beba tripodi na lenzi pana, flashi tafadhali zima, kuna watu huingia kuomba. Na mchunge malori!