Barua kwa mwanangu: hiyo nafasi ya nahodha mpe kijana

Mwanangu,

Salamu kutoka Mikindani. Tuko wazima, mama yako anasumbuliwa na presha ila chakula kinapita.

Shangazi yako kaniletea maneno. Anasema umeamua kuutengeneza filamu ule mchezo wangu wa jukwaani wa jahazi, ambao nahodha nilikuwa nacheza mimi, na kinachokukwamisha ni kuniambia kwamba nahodha atakuwa kijana kutoka huko Dar. Kwa nini umpitie shangazi? Najua, watu sokoni mpaka leo wananiita Nahodha, ukaona utanivunjia heshima.

Basi sikiliza habari ya Kirk Douglas, yule mwigizaji wa Marekani, na mwanawe Michael. Kirk tuliokuwa tunapenda sinema zamani tunamkumbuka kwa kile kidevu chenye kishimo. Mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi, baba yake alikuwa akipita mitaani kununua matambara na vyuma chakavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alinunua haki za riwaya moja inayohusu hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwaka 1963 akaipandisha jukwaani New York, mwenyewe akicheza McMurphy, yule mgonjwa mkorofi. Akaipenda hadithi ile kweli kweli. Akazunguka nayo miaka kwa miaka kutafuta kampuni iifanye filamu, na pamoja na ustaa wake wote wakamkatalia.

Ndipo Michael akasema, baba, nipe mimi. Wakati huo alikuwa anaigiza upelelezi kwenye televisheni, utayarishaji hajawahi kuugusa. Akaungana na Saul Zaentz, mtu wa biashara ya muziki, akatia fedha. Uongozaji wakampa Milos Forman kutoka Chekoslovakia. Wakapiga picha ndani ya hospitali yenyewe ya wagonjwa wa akili, mji wa Salem, Oregon, na mganga mkuu wa pale wakampa nafasi ya daktari kwenye filamu. Hapo ndipo nilipomvulia kofia huyo kijana. Kumshawishi mganga mkuu akufungulie wodi, halafu umtie na yeye kwenye kamera! Kazi ya mtayarishaji ndiyo hiyo, mwanangu, na jina la baba halikusaidii sana hapo.

Sasa McMurphy. Kirk alikuwa anakaribia miaka 60, na bado aliitaka ile nafasi. Akapewa Jack Nicholson. Mzee ilimuuma, na hakuficha. Filamu, One Flew Over the Cuckoo's Nest, ikatoka mwaka 1975, ikachukua Oscar 5, na ile ya filamu bora akaipokea Michael pamoja na Zaentz. Kirk mwenyewe hakuwahi kushinda kwa kuigiza. Walimpa ya heshima mwaka 1996. Lakini mapato ya filamu ile naye alipata fungu lake, na nadhani pale Michael alijua kuishi na mzee.

Kwa hiyo mpe kijana. Ila nimeona ile video uliyomtumia shangazi: anashika usukani wa jahazi kama yuko kwenye bodaboda. Mlete mapema, akae na mabaharia, ajue demani ni kamba ipi na tanga linageuzwaje. Watu wa huku watacheka ukumbi mzima wakiona uongo baharini.

Na mimi nataka mkataba. Si wa mdomo. Mchezo ni wangu, uandikwe hivyo, na fungu langu litajwe. Ukausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina langu kabla hujaenda Bodi ya Filamu kuomba kibali.

Mwenye jahazi anataka nusu ya malipo mbele, na usipange picha za bahari wakati maji yamekupwa; ghuba hii chombo kinakaa matopeni. Nitumie tarehe nikuangalizie bamvua, yale maji makubwa.

Nafasi ya yule mzee wa forodhani mwenye maneno mawili tu kwenye mchezo, hiyo usimpe mtu. Nimeshaanza kufuga ndevu.

Baba yako