Usiisugue Sarafu ya Kirumi kwa Limau

Wateja wanaotuletea sarafu za Kirumi dukani huuliza jambo moja kabla ya yote: "Hii ni fedha kweli?" Wengine wameshaisugua nyumbani kwa limau na magadi, na hapo roho hutuuma, maana kilichotoka si uchafu tu. Na fedha yenyewe imekwenda.

Nyingi ya hizo ni antoninianus, sarafu iliyoanzishwa na Kaisari Caracalla mwaka 215. Utaitambua kwa taji la miali ya jua kichwani mwa kaisari. Inaaminika ilihesabiwa kama denari 2 (denari ni sarafu ya fedha ya Kirumi iliyoitangulia), ingawa fedha iliyokuwamo ilifikia denari moja na nusu hivi. Mwanzoni karibu nusu ya uzito wake ilikuwa fedha. Kisha vita na mishahara ya askari vikaila hiyo fedha. Kufikia enzi ya Claudius wa Pili (268–270) ilibaki kama asilimia 2 au 3, kwingine kote shaba iliyochanganywa. Ili ing'ae, ilipewa ngozi nyembamba ya fedha kiwandani. Ngozi ikilika kwa kupita mikononi, wekundu wa shaba unachungulia.

Watu waliona. Kuna amri ya mwaka 260 kutoka Oxyrhynchus, Misri, iliyoandikwa kwenye mafunjo: wenye benki wamefunga milango, hawataki kupokea sarafu za makaisari, na mkuu wa wilaya anawaamuru wafungue na wapokee zote isipokuwa za bandia. Naipenda sana hati hiyo. Sisi huita madini fedha na pesa pia fedha. Oxyrhynchus vitu hivyo viwili vilikuwa vimeanza kuachana.

Mwaka 274 Kaisari Aurelianus alirekebisha sarafu hiyo. Angalia chini ya picha upande wa nyuma: ukiona XXI, au KA kwa herufi za Kigiriki, wataalamu wengi husoma sehemu 20 za shaba kwa 1 ya fedha, na vipimo vya maabara hukaribia hapo. Kaisari Diocletianus, kuanzia mwaka 294 hivi, alitoa sarafu ya fedha safi zaidi, argenteus, sarafu 96 kwa kila ratili ya Kirumi. Hiyo ni nadra kuletwa dukani.

Kwa hiyo hatununui antoninianus za karne hiyo ya tatu kwa uzito wa fedha. Tunatazama kwa lenzi ngozi imebaki kiasi gani, maandishi yanasomekaje, na kiwanda gani kiliigonga. Usishangae pia ukipimiwa kwa mashine ya eksirei ukaambiwa fedha ni nyingi: mashine husoma uso tu, na uso ndipo fedha ilipo.

Ukiwa nayo, usiioshe. Ifunge kwenye karatasi kavu, na udongo wake juu, uilete hivyo hivyo. Tukiona udongo unaweza kutoka bila kuondoka na ngozi, tutautoa mbele yako kwa kijiti cha mti, taratibu.