Kwa mdogo wangu aliyekimbia na chai ya rangi tumboni

Mdogo wangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mama ameniambia kwamba umeshajiandikisha, na kwamba baada ya miezi mitano utavuka kwenda Bara kukimbia marathoni kamili, kilomita 42 na mita 195. Nimefurahi sana, na haya nitakayoyasema yasikufanye uitilie shaka furaha hiyo. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa najua kwamba wenzako wengi mnaokutana alfajiri pale viwanja vya Maisara, mjini Unguja, mnaamini jambo moja, kwamba mkimbiaji wa kweli hutoka na tumbo tupu, na kwamba anayekula njiani ni dhaifu.

Siku ile ya nusu marathoni mjini nilikuwa nimesimama karibu na kilomita ya 17. Nilikuona ukija kwa kuyumba, midomo imepauka, shingo inatiririka jasho la baridi, na nilikuita jina lako mara tatu bila wewe kugeuka. Nilipokukalisha kwenye baraza ya duka na kukutilia soda mkononi, vidole vilikuwa vinatetemeka hata ukashindwa kuzungusha kifuniko. Baada ya kunywa na kupumzika ulirudi katika hali yako, na neno lako la kwanza lilikuwa kwamba huna stamina. Tangu siku hiyo umekuwa ukijiadhibu kwa kuongeza kilomita. Ulijihukumu vibaya, mdogo wangu. Stamina unayo. Ulichokosa ni chakula, kwani jioni yake ulikula kipande cha muhogo na dagaa, na asubuhi ukatoka na chai ya rangi peke yake.

Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na katika ini, akiba inayoitwa glaikojeni, na kwa mtu aliyekula vizuri akiba hiyo humpa kiasi cha kalori 2,000 hivi. Ile ya kwenye ini ni ndogo, kama gramu 100 tu, na ndiyo inayotunza sukari ya damu tunapolala, kwa hiyo anayeamka bila kula huanza mbio akiwa ameshatumia sehemu kubwa ya akiba hiyo. Mtu wa kilo 65 kama wewe hutumia takriban kalori 65 kwa kila kilomita. Zizidishe mwenyewe kwa 42 utaona kwamba zinapindukia 2,700. Mafuta ya mwilini husaidia kujaza pengo, lakini mafuta huungua polepole, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo mwili unavyoyaacha na kuchota wanga zaidi. Wewe kilomita tano za mwanzo ulizikimbia kama anayefukuzwa. Ndiyo maana kule kuishiwa nguvu kunakowafika wengine katika kilomita ya 30 ya marathoni wewe kulikufika katika ya 17.

Uliniambia kwamba hamu hii ilikuingia ulipomwona Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu akitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Hamu hiyo naielewa, maana hata mimi nililia mbele ya televisheni. Lakini uitazame tena mbio ile kwa jicho la mwanafunzi. Simbu alimaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwa picha ya mstarini, na muda huo ni zaidi ya dakika tisa nyuma ya rekodi ya dunia iliyokuwapo wakati huo, ya Kelvin Kiptum, 2:00:35, aliyoiweka Chicago mwaka 2023. Siku ile Tokyo kulikuwa na joto na unyevu. Wanaume bora wa dunia waliliheshimu joto hilo, wakaenda kwa kundi na kuitunza nguvu yao kwa muda mrefu. Sisi tunaokimbia visiwani, ambako wakati wa kaskazi jasho linatiririka bila kukauka na kwa hiyo halituondolei joto ipasavyo, tunahitaji heshima hiyo kuliko yeyote. Mimi ninayekimbia nimejistiri mwili mzima nimejifunza kuanza mara baada ya sala ya alfajiri, kuvaa kitambaa chepesi kisichoshika maji, na kuikimbia mbio ndefu ya wiki kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kwenye vilima vya huku Pemba, ukishindwa kuzungumza unapopanda, tembea. Mbio ndefu iongeze kilomita mbili mbili, na kila wiki ya tatu au ya nne uipunguze ili miguu ipone, mpaka ufike 30 au 32. Hakuna haja ya kuzifikia 42 kabla ya siku yenyewe.

Sasa nije kwenye chakula, ambacho ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu. Tumbo nalo hufundishwa kama miguu. Tunapokimbia damu huelekea kwenye misuli, na tumbo lisilozoea kufanya kazi kwa damu kidogo hugoma. Nililijua hilo kwa machungu, katika mbio moja nilipofika kwenye meza ya huduma nikapokea pakiti mbili za jeli ya sukari ambayo sijapata kuionja maishani, nikazimeza zote mbili mfululizo bila maji. Sukari nzito namna ile huvuta maji kuingia matumboni. Kabla ya kilomita mbili kupita nilikuwa nimejikunja chini ya mwembe, na mbio zangu zikaishia hapo. Tangu siku hiyo siweki mdomoni siku ya mashindano kitu ambacho sikukijaribu mara nyingi katika mazoezi.

Kwa mbio zinazopita saa moja na nusu, kiasi kinachofaa ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na wewe anza na 30. Huhitaji vitu vya bei ghali. Usiku wa kuamkia mbio ndefu mimi huchukua tende ndogo 12, nikazipasua ubavuni kwa ncha ya kisu, nikatoa kokwa, nikazikandamiza kila moja kwenye chembe chache za chumvi, kisha nikazifunga mbili mbili katika vipande vya karatasi na kuzitia kwenye pindo la mtandio. Tende moja ya namna hiyo ina gramu tano au sita za wanga, kwa hiyo 12 zinanitosha kwa saa mbili. Ya kwanza naitafuna baada ya dakika 30, wakati bado sina njaa, kwa sababu ukisubiri njaa umeshachelewa. Kokwa uzitoe nyumbani. Kuuma kokwa huku unahema si jambo la kujaribu mara mbili.

Ukitaka kufika 60, ongeza kinywaji. Katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vitano vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi na ndimu nusu, ukoroge mpaka chini pasibaki punje. Onja: ladha iwe ya utamu mdogo na chumvi kwa mbali. Nusu lita ya maji hayo ina gramu 30 nyingine. Najua utaniuliza kuhusu dafu. Dafu nalipenda kama unavyolipenda wewe, na baada ya mbio hakuna kinachonipoza kulishinda, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, yaani yale madini yaliyomo kwenye chumvi, na jasho hutuondolea sodiamu zaidi. Linywe ukimaliza, pamoja na chakula chenye chumvi.

Wala usidhani kwamba usalama ni kunywa maji kwa wingi kila unapoyaona. Baada ya Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, wakakuta asilimia 13 kati yao sodiamu imeshuka kupita kiasi, na dalili kubwa iliyowatofautisha ni kwamba waliongezeka uzito wakiwa mbioni, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Hali hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo kunywa unapoona kiu, na jipime. Mimi nilimwomba jirani mwenye duka aniruhusu kupanda juu ya mizani anayopimia magunia ya mchele, kabla ya kukimbia na baada yake, nikajua kwamba kwa saa moja ya Januari napoteza karibu lita moja. Kupungua kilo moja hakunitishi, ila kuongezeka hata robo kilo kungenitisha.

Siku mbili kabla ya mashindano punguza mbaazi, maharage na vyakula vya kukaanga, ujaze sahani kwa wali, mbatata na mkate. Mama atakupikia wali wa nazi kwa mapenzi, nawe mwombe kwa adabu akupikie mweupe, kwa kuwa mafuta ya nazi hukaa tumboni muda mrefu. Asubuhi yenyewe kula zikiwa zimebaki saa tatu kabla ya kuanza: uji wa mchele wenye sukari, au mkate wa boflo na asali. Chai ya rangi kunywa, lakini baada ya hivyo.

Kuhusu funga zako za Jumatatu na Alhamisi, sikwambii uziache. Siku hizo kimbia kidogo tu, nusu saa kabla ya magharibi, ili ukifika nyumbani adhana ikukute unanawa. Mbio ndefu iwe Jumapili.

Nimempa Mama kifurushi cha tende, atavuka nacho kwa boti ya kesho. Nimezitoa kokwa mwenyewe na kuzifunga mbili mbili, 12 kamili. Jumapili nenda mpaka Bububu na urudi, uzile nilivyokueleza, kisha unipigie simu kabla ya adhuhuri unieleze tumbo limezipokeaje.

Dada yako,
Chake Chake