Tumbaku mbichi na hiyo mimba yako

Shoga angu Mwajuma, za huko Urambo? Sie Ujiji tupo, mvua tu ndo inatukomesha.

Hongera sana kwa mimba, nimefurahi mno, ila pale uliposema ukitoka kuchuma tumbaku asubuhi unatapika, kizunguzungu, kichwa kinagonga, na mama mkwe anasema ni mimba tu hiyo, hapo nikashtuka. Mbona Jumapili usipoenda shamba unaamka mzima? Hiyo nikotini shoga, sumu ya kwenye tumbaku yenyewe. Jani likiwa na umande au limenyeshewa nikotini inatoka inapenya kwenye ngozi, mikononi, hata mgongoni blauzi ikilowa, wala hujagusa sigara. Ikishaingia kwenye damu haiishii kwako, inavuka kondo la nyuma inamfikia mtoto, mishipa inabana, hewa na chakula vinampungukia, ndo unasikia kazaliwa njiti au kadogo kupita kiasi, na mapafu na ubongo navyo haviponi.

Alafu dawa za kuua wadudu shambani. Najua bomba la kupulizia anabeba shemeji, lakini zile nguo anafua nani? Na unafua pekupeku tena kwenye beseni hilohilo la vyombo, nimekaa kwako naona. Kule New York walipima damu ya kitovu ya vichanga, mama zao watu wa mjini kabisa shamba hawalijui, dawa walipata majumbani tu kwa kupuliziwa mende, inaitwa klorpirifosi, na wale waliozaliwa nayo nyingi walipofika miaka 7 vipimo vya akili vilikuwa chini, hasa kushika mambo kichwani. Marekani dawa hiyo ikatolewa kwenye matumizi ya nyumbani 2001. Sasa wewe unayelala chumba kimoja na bomba na makopo ya dawa je?

Najua mkopo wa mbolea wa AMCOS, chama chenu cha ushirika, unawasubiri na tumbaku haingoji mtu, sisemi muache kilimo. Ila kuchuma atafutwe mtu mwingine hata kwa kibarua, ikishindikana kabisa subiri umande ukauke, vaa mikono mirefu na glavu, ukirudi oga na sabuni kabla hujapika. Nguo za dawa afue mwenyewe shemeji, mwambie nimesema mimi, akinuna anipigie. Na kliniki mwambie nesi unafanya kazi ya tumbaku maana hawezi kuotea.

Ule udongo unaotafuna nao acha, mara nyingi unakuwaga na madini ya risasi. Ukiwa na hamu ya kutafuna, dagaa nakutumia kwa treni wiki ijayo, mwambie shemeji aende stesheni kuwachukua.

Wako, Mama Shabani