Subiri kidogo kununua breki shuu

Tanga,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, ni joto tu.

Ujumbe wako nimeupata. Nimeshtuka kusikia kwamba Volkswagen Beetle ya marehemu mzee inakuyumbisha ukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Barabara ile naijua, kona juu ya kona na bonde liko pembeni. Nakuomba usishuke nayo tena mpaka tuishughulikie.

Unasema breki shuu za mbele kulia, vile vibamba vinavyobana dramu kwa ndani, zimeliwa zikakaribia chuma, ilhali za kushoto bado nene, na fundi amekushauri ununue seti mpya. Hata mimi niliambiwa hivyo mwaka juzi. Nikanunua, nikafunga, na baada ya miezi michache upande uleule ukawa umeisha tena. Ndani ya dramu moja, yaani lile duara la chuma linalozunguka na tairi, shuu ya mbele kuisha kabla ya mwenzake ni kawaida, maana yenyewe ndiyo inayovutwa na mzunguko wa dramu. Lakini upande mmoja wa gari kuisha na mwingine kubaki, hapo kuna ugonjwa.

Na dalili umeiandika mwenyewe: ukikanyaga, gari linavuta kushoto, ukiachia, linavuta kulia. Nina wasiwasi na mpira wa breki wa kulia, ule unaotoka kwenye bomba la chuma kwenda kwenye silinda ya tairi inayosukuma shuu. Mipira hii ikizeeka huvimba kwa ndani. Kwa nje utauona mzima kabisa, kumbe njia imebaki kama tundu la sindano. Ukikanyaga, mafuta yanachelewa kufika, kushoto kunashika kwanza. Ukiachia, yanachelewa kurudi, na kulia kunaendelea kusugua njia nzima.

Jaribu hivi. Endesha kidogo mahali tambarare, simama, sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kugusa. Yangu ya kulia ilikuwa inatoa joto kama jiko la mkaa, ya kushoto vuguvugu tu. Kisha piga jeki, weka stendi imara, kanyaga breki, achia, halafu zungusha tairi kwa mkono. Likigoma, legeza nati inayounganisha bomba la chuma na mpira. Likiachia hapo, kosa liko juu, kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli ya breki. Likiendelea kugoma, kaza nati, uhamie kwenye nipeli ya kutolea hewa nyuma ya tairi. Mimi nilipoilegeza nusu mzunguko, mafuta yaliruka mpaka kwenye mkono wa shati, na tairi lililokuwa gumu kama jiwe likazunguka kwa kidole kimoja. Nilikaa chini pale pale gereji. Kumbe kosa lilikuwa mpira, na pesa ya seti nzima ilikuwa imekwenda bure. Kama hata kwa nipeli haliachii, basi silinda ya tairi imeshika kutu, au shuu zenyewe zimekwama.

Ikiwa ni mpira, badilisha yote miwili ya mbele, maana imezeeka pamoja. Shuu nazo zibadilishwe pande zote mbili, lakini baada ya hapo. Tafadhali usiruhusu mtu apulize vumbi la dramu kwa kompresa. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Loweka kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, ukitupe. Mafuta ya breki nayo yanakula rangi, na ile rangi ya mzee sitaki iguswe.

Kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta, anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Kurekebisha, kila shuu ina nyota yake, kigurudumu cha meno cha kuisogeza karibu na dramu: kaza mpaka tairi lishike, kisha rudisha meno mawili matatu mpaka lizunguke huru. Nyota mbili za tairi moja hazizungushwi upande mmoja, usije ukadhani imeharibika.

Nakumbuka mzee akitusimulia barazani jinsi Volkswagen ilivyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962, huku mkono wake uko juu ya boneti. Gari hilo halifai kuuzwa kwa ajili ya mpira mmoja.

Jumamosi nakuja na mipira miwili na stendi zangu. Wewe tafuta mafuta ya breki ambayo kopo lake halijafunguliwa.

Ni mimi,
Swahiba wako wa Tanga