Kabla Hujaenda Uswidi, Njoo Ujenge Simba Yako

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia kwamba uliingia Makumbusho ya Kisumu, ukapiga picha katika boma la Kijaluo la Ber-gi-dala, kisha ukapanda matatu kurudi Nairobi bila kufika huku Ahero. Sikukasirika sana. Ila ningependa kujua ulitazama nini. Uliona jinsi nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inavyolielekea lango, na ghala, na zizi la ng'ombe? Je, simba ya mwana wa kwanza, ile nyumba ambayo kijana wa kiume hujijengea katika boma la baba yake, uliiona? Mwana wa kwanza hapa kwetu ni wewe, na mahali pa simba yako, hapo karibu na lango, pameota magugu.

Umeniandikia habari za Skansen, makumbusho yaliyofunguliwa na Artur Hazelius mjini Stockholm mwaka 1891, ambako nyumba za wakulima zilibomolewa mikoani zikajengwa upya mahali pamoja, kwa kuwa viwanda vilikuwa vinayabadili maisha ya vijijini. Nakusifu kwa kusoma kabla ya kusafiri. Lakini mzee yule alihifadhi yaliyokuwa yakiwaponyoka watu wake, nawe unakwenda kuyastaajabia ya wenzako ilhali yako hayajasimama. Boma la makumbusho ni zuri, nami nimelitembelea. Hata hivyo, hakuna anayelala mle, wala anayegombezwa kwa kuacha mbuzi waingie shambani.

Unajua kwamba mdogo wako hawezi kujenga kabla yako. Miti ya mkaratusi aliyoikata imeanza kuliwa na mchwa, naye hasemi neno, kwa kuwa si msemaji kama wewe. Sikuagizi nyumba ya udongo na nyasi kama ile uliyoipiga picha. Mabati yanatosha, na chumba kimoja kinatosha, mradi kijengwe kabla ya ndege yako kuondoka. Ufadhili ulioupata nimewatangazia watu hadi sokoni, na kila anayenipongeza huuliza kama umekwisha kuweka simba.

Fundi yuko tayari wiki ijayo, lakini mvua ikianza barabara ya kwetu haitapitika, basi usichelewe. Njoo na misumari ya mabati, kwani bei ya hapa imepanda. Mama yako naye anauliza kama koti ulilonunua lina bitana, na anataka sufuria yake kubwa uliyoichukua Krismasi.

Ni mimi baba yako.