Asante, mzee wa River Road, Nairobi

Alhamisi rubi yangu ya Taita Taveta ilimeguka pembeni nikikunjia ukingo wa fedha ya 925 (iliyochanganywa na metali nyingine, ngumu kuliko fedha safi), na pete ilikuwa ya harusi ya Jumamosi. Mzee wa kibanda jirani akaligeuzageuza lile jiwe, kimya. Akalibandika kijitini kwa lakiri, akalisugua upya kwa gurudumu la almasi (kwa rubi, msasa wa kawaida haufui dafu), mpaka mgongo ukarudi mviringo kama tone la maji. Ukingo mpya akaukata wa fedha safi, laini, akausukuma kidogo kidogo, upande huu kisha ule. Tulimaliza saa nne usiku. Pesa alikataa, akaomba chai tu. Mzee wangu, shikamoo na asante. Nanyi mafundi, kijana akikwama, msogezeeni kiti. Jiwe lilipungua kidogo. Bibi harusi hakugundua.